Vua Barakoa, Bi Tatsue

Kila asubuhi huwasha kijiti cha ubani mbele ya picha ya mume wangu, Yoshiharu. Humwekea wali wa moto na chai. Kisha humsalimu.

"Umeamkaje?" humwuliza.

Hanijibu. Hata alipokuwa hai hakuwa msemaji.

Mimi ni Tatsue Ogata. Ninaishi peke yangu katika kisiwa chetu cha machenza. Zamani mtaa huu ulijaa watoto hadi tukawa tunawafukuza mashambani kwa fagio. Sasa nyumba nyingi zimefungwa, na ninawatamani hata wezi wale wa machenza. Mwanangu Kenzo yuko Osaka. Hunipigia simu kila Jumapili.

"Mama, hujambo?"

"Sijambo kabisa!"

Nilijua kwa nini anauliza. Baada ya mazishi ya baba yake aliniambia, "Siku utakapougua, nitakuja kukuchukua. Nyumba tutaifunga." Basi nikaapa moyoni kwamba mimi siugui ng'o. Nyumba hii ndiyo yote niliyobaki nayo.

Majira ya kuchipua yalipofika, nilishikwa na mafua. Yakapoa, nikafurahi. Halafu yakarudi kwa kishindo. Uso ukawa mzito. Nikiinama kuvaa viatu, maumivu yanamiminika kwenye paji la uso. Meno ya juu yakaniuma. Kamasi ikawa nzito, ya kijani.

"Ni chavua ya mierezi tu," nikajiambia.

Majira hayo nchi nzima inapiga chafya kwa sababu ya chavua. Kila mtu huvaa barakoa. Nami nilivaa yangu, na hakuna aliyenitazama mara mbili. Kwenye droo nikakuta vidonge vya Yoshiharu vya zamani, alivyopewa alipong'olewa jino. Nikameza viwili. Havikusaidia kitu.

Asubuhi moja niliwasha ubani kama kawaida. Moshi niliuona, lakini harufu sikuisikia. Nikasogeza pua karibu kabisa. Wapi! Harufu ile ndiyo iliyonifanya nihisi mume wangu bado yumo nyumbani. Siku hiyo niliona kama amekufa mara ya pili. Nililia peke yangu, na kulia nako kukanizidishia maumivu ya kichwa.

Mtaani kwetu tuna ubao wa matangazo unaopita nyumba hadi nyumba. Ukishasoma, unagonga muhuri wako, kisha unampelekea jirani. Ole wako ukiuchelewesha! Ulipofika kwangu, niliuweka mlangoni nikausahau. Kesho yake jirani yangu Fusae akaja, mdomo mbele.

"Wewe Tatsue! Ubao umeuatamia kama kuku? Mtaa mzima tunakungo..." Akanusa hewa. "Toba! Kitu kinaungua!"

Alinipita mbio hadi jikoni. Sufuria ya viazi vitamu ilikuwa imekuwa nyeusi, na moshi umejaa. Kabla hajaja, mimi nilikuwa nimeketi chumba cha pili, mlango wazi, nimelaza kichwa mezani.

Fusae alizima jiko, akafungua madirisha, akaja kusimama mbele yangu.

"Hukusikia harufu?"

"Ni chavua tu."

"Chavua haileti kamasi ya kijani na homa, mwenzangu." Alinishika paji la uso. "Unachemka! Ungeungua humu na nyumba yako. Nampigia Kenzo sasa hivi."

"Usithubutu!" Nilimshika mkono wa nguo. "Atanichukua, Fusae. Atafunga nyumba. Nitakaa Osaka ghorofani, simjui mtu, nahesabu magari."

Fusae aliketi.

"Mficha maradhi kifo humuumbua," alisema. "Ukiendelea kuficha, nyumba itafungwa kweli, tena wewe hupo. Tumpigie daktari."

"Leo upepo ni mkali. Feri haivuki."

"Nani kataja feri? Daktari wa kliniki ya ng'ambo anatibu watu kwa kioo cha kishikwambi. Mimi mwenyewe ananiangalia presha hivyo. Tangazo lilipita kwenye ubao huu huu, ukaligonga muhuri!"

"Kwani kuna anayesoma? Watu tunagonga tu."

Alinikata jicho, akaenda kwake, akarudi na kishikwambi chake. Aliipigia simu kliniki, tukapangiwa saa ya asubuhi hiyo hiyo. Nami nikajiandaa. Nikachana nywele. Nikavaa koti langu zuri. Nikapaka poda kwenye mashavu yaliyovimba, kisha nikavaa barakoa mpya.

"Barakoa ya nini?" Fusae aliuliza. "Unaogopa kumwambukiza daktari kupitia kioo?"

"Ni adabu."

Daktari Minagawa akatokea kwenye kioo. Ni mama wa makamo, ndiye aliyemtibu Yoshiharu. Nikainama kumwamkia hadi kichwa kikataka kupasuka.

"Bi Ogata, unasumbuliwa na nini?"

"Ah, kidogo tu, daktari. Samahani kwa kukupotezea muda."

"Mwongo huyo!" Fusae alidakia. "Kidogo gani? Amekaribia kuchoma nyumba!"

Daktari hakucheka.

"Bi Ogata, nikiwa huku siwezi kukugusa. Nina macho yangu na maneno yako, basi. Ukinificha, umenifanya kipofu. Vua barakoa. Futa na hiyo poda."

Nikavua. Nikafuta. Nikaona uso wangu kwenye pembe ya kioo, umevimba na kupauka. Siku nyingi hakuna mtu aliyekuwa ameuona, hata mimi nilikuwa nimeuepuka. Machozi yakanitoka mbele ya daktari. Aliningoja hadi nikatulia.

Kisha akauliza, nami nikasema yote. Nilimweleza kwamba nilipata nafuu, kisha nikazidiwa. Nikamweleza rangi ya kamasi. Nikapima homa, Fusae akamsomea. Daktari akaniambia nibonyeze taratibu chini ya macho.

"Aaai!"

"Unaona vitu viwili viwili? Shingo inakaza? Jicho limevimba?"

"Hapana."

"Vizuri. Ungesema ndiyo, nisingekutibu kwa kioo. Ningeita helikopta. Umemeza dawa gani?"

Nikatazama chini. "Vidonge vya marehemu."

"Vya marehemu viache na marehemu," alisema kwa upole. "Dawa ya mtu mwingine inaweza kukudhuru. Je, kuna dawa inayokuletea vipele?"

Ipo, nikamtajia. Akaandika.

"Sasa nisikilize," akasema. "Ndani ya mifupa ya uso kuna matundu yenye hewa, nyuma ya mashavu na juu ya macho. Mafua huziba njia zake. Mara nyingi hupona bila dawa ya kuua bakteria. Lakini ya kwako yalipoa yakarudi na homa, na uso unauma. Hiyo ni dalili kwamba bakteria wameingia. Nitakupa dawa. Uimalize yote kama ulivyoelekezwa, hata ukijisikia vizuri mapema. Safisha pua kwa maji ya chumvi, lakini maji yachemshwe kwanza, yapoe yawe vuguvugu. Usipopata nafuu baada ya siku tatu, nipigie. Ukiona zile dalili za hatari, usingoje hata saa moja."

Upepo ulitulia mchana, na feri ya jioni ikaleta dawa kutoka duka la dawa la ng'ambo. Fusae alikuja kila siku kuhakikisha nimekunywa. Alisema anakuja kwa ajili ya ubao. Ubao haukuwepo, wala sikumuuliza.

Homa ikashuka. Uso ukawa mwepesi. Harufu ikachelewa. Nikaendelea kuwasha ubani usionukia, nikimwambia Yoshiharu, "Vumilia, pua iko njiani."

Asubuhi moja niliwasha kijiti, harufu ikanipiga puani. Niliketi sakafuni pale pale.

"Umerudi," nikamwambia.

Jumapili Kenzo akapiga. Nilikuwa nimeazima kishikwambi cha Fusae, nikamwambia mwanangu apige tena kwa picha. Sikuvaa barakoa. Sikupaka poda.

"Mama, hujambo?"

Ulimi ulikuwa tayari kusema sijambo kabisa. Nikauzuia. Nikamweleza homa, sufuria, na daktari wa kwenye kioo.

Nikasubiri aseme nifungashe mizigo.

"Mbona hukuniambia?"

"Ungenichukua."

Aliutazama uso wangu kwa muda mrefu. "Na sasa umepona?"

"Pua imepona," nikasema. "Upweke bado."

Kenzo aliinamisha kichwa. Nilimsikia akivuta pumzi.

"Michenza inatoa maua mwezi wa tano, sivyo?" aliuliza.

"Ndiyo."

"Nitakuja kukaa nawe. Sitakuja kukuchukua, Mama. Nitakuja tu."

"Njoo," nikamwambia. "Mwaka huu nitaisikia harufu yake."