Sikio la Kushoto la Pacha

"Haumwi huyo, bosi! Jana nimemsikia kwa masikio yangu anacheka kwenye simu!"

Jamani... moyo ulinipasuka paa!

Nilikuwa kwenye benchi nje ya ofisi ya rubani mkuu, leso mkononi, nasubiri kuitwa. Na aliyekuwa ananichoma humo ndani ni Pacha!

Pacha si ndugu yangu wa damu. Tulisomea urubani pamoja, tukaajiriwa pamoja, tukapanga nyumba moja, kila mtu na chumba chake. Watu wakatubandika jina hilo. Wote tulikuwa kwenye kipindi cha majaribio kazini, na nafasi ya kudumu ilikuwa moja.

Kosa langu? Mafua.

Msicheke! Rubani akiwa na mafua masikio yanaziba, na ndege ikianza kushuka yanaweza kupasuka. Kanuni iko wazi: ukiumwa, usiruke. Nikapiga simu kazini, nikasema naumwa.

Na hicho kicheko? Nilikuwa namchekea mama ili asijue naumwa.

Mlango ukafunguka. Pacha akanipita kama hanijui.

"Binti, tunataka watu wa kutegemewa," bosi akasema.

"Lakini bosi, kanuni..."

"Kanuni naijua. Majaribio yako yameishia hapa."

Nikampigia mama.

"Mama... wamenitoa."



"Rudi nyumbani, mwanangu."

Siku nafunga mizigo, nikasikia chafya chumbani kwa Pacha. Mafua yangu yamemhamia! Nikamkuta mbele ya kioo, sare imenyooshwa, kabana pua anapuliza ili masikio yazibuke. Wapi! Anapuliza mpaka macho yanamtoka.

Nilikuwa na hasira naye, sifichi. Lakini nikashindwa kunyamaza.

"Pacha, usiende. Piga simu."

"Nipige simu yanikute ya kwako?"

Akabeba begi lake, huyooo!

Ndege ilitua salama, abiria hawakujua chochote. Kapteni ndiye aliyeishusha peke yake, maana Pacha alikuwa kashika kichwa, analia kama mtoto. Daktari akapima, akapima tena. Sikio la kushoto limekufa, kizunguzungu hakitamwacha, habari za kurusha ndege asahau.

Halafu bosi yuleyule akamwita, akamfukuza.

Kosa lake? Kuruka huku anajua anaumwa!

Jioni nikamkuta kakaa kitandani, bado kavaa sare.

"Dada, nisamehe. Niliitaka ile nafasi."

Nikakaa pembeni yake, machozi yananitoka.

"Nimekusamehe."

Akabaki kaangalia ukuta. Nilikuwa nimekaa upande wa kushoto.

"Umesemaje?"

Nikajaribu kurudia, sauti ikagoma kabisa. Nikabeba mizigo yangu nikaondoka.

Mpaka leo naomba kazi, na kila ninapokwenda wananiuliza kwa nini nilitolewa. Nikisema mafua, wanatazamana.

Ndugu zangu mnaosoma hapa, ukisaidia kumfukuza mwenzako kwa sababu ameugua, kumbuka na wewe una mwili.