Maswali ya Sista Jerioth

Kila jioni, akitoka shule, Mwanasaumu alikuwa na kazi tatu zisizobadilika: kuvua sare na kuianika kambani, kunywa uji wake uliokwisha poa, na kumpokea mdogo wake Mwidani kutoka mgongoni mwa Bibi Dhahabu. Saa hizo Mama hakuwa na mkono wa kushika mtoto. Alikuwa barazani akikaanga bajia na kachori, na watu wa Likoni wakitoka kazini hawapendi kungojeshwa.

Mwidani alikuwa na miaka miwili na miezi mitano. Alikuwa mnene, mcheshi, mwepesi wa mbio, lakini hajasema neno. Si "mama", si "maji". Akitaka kitu, alikuvuta nguo.

"Wanaume huchelewa kusema," Mama alipenda kusema. "Hata babake alikuwa hivyo hivyo."

Jumatano moja Mama aliita, "Mwanasaumu!"

"Abee, Mama."

"Leo ni zamu yetu ya simu, nami mafuta yako motoni. Nenda na Mwidani, ujibu maswali ya Sista. Wewe ndiwe unayeshinda naye jioni, wazijua habari zake."

Simu hiyo ilikuwa jambo jipya mtaani. Gari la zahanati lilikuwa bovu tangu masika, na muuguzi wa watoto, Sista Jerioth, hakuweza kuzunguka nyumba zote kwa miguu. Basi alipatana na Mahfudh, mwenye duka lenye simu. Kila Jumatano saa kumi na nusu Sista hupiga, na wenye watoto wadogo humjibu mmoja mmoja. Mtoto anatembea? Anashika kijiko? Anasema? Aliyeonekana kuchelewa aliitwa zahanati akapimwe.

Taabu ni kwamba simu yenyewe ilikaa juu ya meza ya duka, na duka halikosi watu. Siku hiyo kwenye ubao wa kukalia alikuwapo jirani yao Bi Mwanakheri, na bintiye Kuluthum, aliyesoma darasa moja na Mwanasaumu.

"Umemleta bubu aongee na simu?" Kuluthum alinong'ona.

"Bubu ni wewe ukiulizwa hesabu," Mwanasaumu akamjibu. Lakini neno lile lilimchoma.

Simu ikalia. Mahfudh akaipokea kwa ukelele, utadhani anamwita mtu aliye Kisauni. "Halo! Ndiyo! Yuko! Mwanasaumu, njoo mwanangu."

"Shikamoo, Sista."

"Marahaba. Hamjambo nyumbani?"

"Hatujambo, alhamdulillahi."

"Na Mwidani je?"

"Hajambo sana."

Kwao mtu huulizwa hali mara tatu akajibu njema mara tatu, hata kama ana homa. Ubaya husemwa baadaye, faraghani. Na habari za mtoto mdogo ndizo kabisa hazitangazwi mbele za watu, asije akapatwa na jicho. Mwanasaumu alilelewa hivyo. Basi hata maswali yalipoanza, ulimi wake ulishika njia ile ile.

"Anakimbia bila kuanguka?"

"Ndiyo." Hilo lilikuwa kweli.

"Anaunga maneno mawili, kama 'nipe maji'?"

Mwanasaumu alitupa jicho kwenye ubao. Kuluthum alikuwa ameacha kutafuna. "Ndiyo, husema."

"Vizuri. Sasa simama nyuma yake, asikuone, umwite jina. Nangoja."

Mwidani alikuwa ameligeukia debe la biskuti. "Mwidani," dadake akaita. Hakugeuka. "Mwidani!" Mtoto akaendelea kuchezea kifuniko. Ndipo Mwanasaumu akanyoosha mguu polepole, akamgusa kisigino kwa kidole gumba. Mtoto akageuka akicheka.

"Amegeuka, Sista."

"Vizuri sana. Basi hana haja ya kuja zahanati. Msalimie mama."

Nyumbani Mama alishusha pumzi ndefu. "Alhamdulillahi! Nilikuwa na wasiwasi, wallahi, sikutaka tu kuutamka." Akamchagulia kachori kubwa kuliko zote. Mwanasaumu akamwachia Mwidani yote.

Kesho yake jioni Bibi Dhahabu alikuwa amekalia mbuzi akikuna nazi. Mwidani alichuchumaa njiani mbele ya nyumba, akipanga vifuniko vya soda.

"Kitendawili!" Bibi akasema.

"Tega!"

"Milango yangu miwili haina bawaba. Mchana i wazi, usiku i wazi."

"Pua!"

"Pua huziba kwa mafua, mjukuu wangu. Nipe mji."

"Twaa Changamwe."

"Nimekwenda Changamwe, nimekula wali kwa samaki, nimeshiba, nimerudi. Ni masikio!"

Bibi alicheka peke yake. Mwanasaumu alikuwa ameinamisha kichwa, na alipokiinua alisikia ukelele kutoka juu ya mteremko.

"Njia! Njia jamani!"

Alikuwa Thoya, muuza maji, na mkokoteni uliojaa mitungi ya plastiki. Ulikuwa umemshinda nguvu. Watoto wote waliokuwa njiani walirukia ukutani, isipokuwa mmoja aliyeupa mgongo, akapanga kifuniko kingine juu ya kile cha kwanza.

Mwanasaumu aliruka. Alimdaka Mwidani kwa shati, wakaanguka pamoja mchangani. Thoya aliugeuza mkokoteni ukaingia kwenye ua wa makuti, na maji yakamwagika njia nzima.

"Nimepiga kelele mpaka koo limekauka!" Thoya alisema. "Kwani mtoto huyu hasikii?"

"Hasikii, kaka Thoya," Mwanasaumu akasema, machozi yakimtoka. "Hasikii."

Mama alikuwa amekwisha fika, upawa mkononi. "Wasemaje wewe?"

"Mama, nilimdanganya Sista. Mwidani hakugeuka. Nilimgusa kwa mguu."

Mama hakumpiga. Alimpangusa Mwidani mchanga, akaliepua karai motoni. "Twende dukani kabla zahanati haijafungwa."

"Mama, kumejaa watu."

"Na wajae."

Kweli kulijaa. Mahfudh alizungusha namba, na Mama akamkabidhi bintiye mkono wa simu. "Uliyesema jana ni wewe. Sema na leo."

"Sista, ni dadake Mwidani," Mwanasaumu alinong'ona.

"Sikusikii! Laini mbaya. Ongea kwa nguvu!"

Mwanasaumu alifumba macho. "Ndugu yangu hasikii!" akapaza sauti. "Wala hasemi! Jana nilikuambia uongo!"

Watu wote wakageuka. Hata Mahfudh aliacha kupima sukari.

"Mleteni kesho asubuhi," Sista akasema. "Na ahsante kwa kunipigia."

Mwanasaumu alikuwa akirudisha simu mahali pake Bi Mwanakheri aliposimama. "Usiikate, Mahfudh," alisema taratibu. "Nami nina neno na Sista. Wangu mdogo ana miezi kumi, hajaweza kuketi. Nami nilimwambia anatambaa."

Kuluthum alitazama chini.

Zahanati waliona kwamba maji mazito yalikuwa yamejaa ndani ya masikio ya Mwidani kwa muda mrefu. Alipewa dawa, kisha akapelekwa hospitali kubwa ng'ambo ya kivuko, akatolewa maji yale. Haikuwa kazi ya siku moja. Mwanasaumu alifundishwa kumkabili mdogo wake uso kwa uso na kumtajia vitu polepole: kikombe, kiatu, kuku. Ilipita miezi mitatu ya kutaja bila jibu. Siku moja barazani, Mwidani alinyoosha mkono kwenye sinia akasema waziwazi, "Jia!" Wanunuzi walishangilia, na Mama akampa bajia mbili, moja kwa kila mkono.

Siku ya mwisho ya kupimwa, Sista Jerioth alimwita Mwanasaumu kando.

"Bado wajilaumu?" akamuuliza.

"Kidogo, Sista. Niliona haya. Nilidhani namlinda."

"Najua. Mficha maradhi kilio humfichua, na kwenu kilio kilipita karibu sana. Lakini wewe uliurekebisha uongo wako mbele ya wale wale uliowaonea haya, na wako watu wazima wasioweza hilo. Sikiliza, mwanangu. Nikiwa kwenye simu mimi ni kama kipofu: simwoni mtoto, simgusi. Macho yangu ni maneno yako. Ukinipa ya kweli, naona mpaka ndani ya sikio. Ukinipa ya uongo, anayeumia si mimi, ni yule usiyetaka aumie."