Ukungu wa Nyuma ya Kabati

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare za shule, Chiriku alimsaidia mama yake kutoa cherehani jikoni na kuipeleka kwenye ukumbi mwembamba wa nyumba yao. Mama alikuwa fundi nguo asiyekuwa na chumba cha kazi. Alishona palepale njiani penye mwanga, na kila apitaye alipita ubavuubavu kama kaa. Chiriku mwenyewe, binti wa miaka kumi na miwili aliyepewa jina hilo kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika, alikuwa mchoraji. Alichorea sakafuni. Kufikia wakati huo baba yake alikuwa amekwisha kukanyaga twiga wawili na farasi mmoja.

Nyumba hiyohiyo ilikuwa na chumba kizima kilichokaa bure. Tangu dada mkubwa aolewe, chumba chake kilikuwa kimegeuka ghala la madumu, viti vilivyovunjika, kabati zito na masanduku ambayo hakuna aliyekumbuka yana nini.

Kisha ikaja habari kwamba bibi, mama yake baba, angekuja kutibiwa macho na kukaa nao miezi miwili. Baba, ambaye alikuwa seremala, akasimama kwenye mlango wa kile chumba akikipima kwa macho.

"Hiki kitakuwa chumba cha wageni," akasema.

"Na cherehani yangu je?" mama akauliza.

"Na michoro yangu?" Chiriku akadakia.

Baba akajikuna kichwa, kisha akacheka. "Haya, mmenishinda. Mchana kitakuwa chumba cha kazi zenu, usiku kitakuwa cha mgeni. Nitatengeneza meza ya kukunja, niifunge ukutani kwa bawaba. Mkimaliza kazi, mnaikunja, kitanda kinapata nafasi."

Kila mtu akapewa jukumu lake. La Chiriku lilikuwa kuta.

"Kwangua rangi ya zamani yote," baba alimwelekeza. "Nyuma ya kabati kuna ukungu mweusi. Uukwangue, uoshe pale mahali, upaache pakauke siku tatu, ndipo upake rangi mpya. Kabati likikushinda, niite."

Kuta tatu alizifanya vizuri, huku akiimba. Alipofika ya nne akalisukuma kabati likasogea kidogo tu. Harufu ya uvundo ikampiga puani. Plasta ilikuwa laini na madoa meusi yalikuwa yametapakaa. Nje wenzake walikuwa wakiruka kamba na kumwita, "Chiriku! Zamu yako inapita!"

"Nani atachungulia huku nyuma?" akajiuliza. Akachovya brashi, akapaka rangi juu ya ukungu, akarudia mara ya pili, akalirudisha kabati na kukimbilia nje. Kazi ikawa imelipuliwa.

"Umekwangua na kule nyuma?" baba alimwuliza jioni.

"Nimemaliza, baba," akajibu. Hilo halikuwa jibu la swali lile, lakini baba hakulitilia maanani.

Bibi alipofika, nyumba ilichangamka. Macho yake yalikuwa na ukungu wa uzee, lakini ulimi wake ulikuwa mkali kama wembe. "Meza hii inakunjwa kama mkeka," alimtania mwanawe. "Usije ukaikunja na mimi nikiwa juu yake!" Mama alishona karibu na dirisha, Chiriku akachora kando yake, na bibi akawasimulia visa akiwa kitandani. Hapakuwa tena na mtu wa kupita kama kaa.

Wiki ya pili, bibi akaanza kukohoa. Wiki ya tatu kikohozi kikamnyima usingizi. Daktari aliyempima akasema kifua chake kilikuwa kikisumbuliwa na kitu kilichokuwamo katika hewa ya chumba. Tena akaonya kwamba kikohozi kisipopoa, macho yasingeweza kupasuliwa.

"Bila shaka ni vumbi la vitambaa vyangu," mama akasema kwa huzuni. "Nimemwumiza mama mkwe bila kujua."

Alasiri hiyo akaanza kukunja vitambaa vyake. Akaiinua cherehani peke yake ili airudishe ukumbini, bila kulalamika. Chiriku alimtazama.

"Mjukuu wangu," bibi akaita kutoka kitandani, "leo umemeza nini? Toka asubuhi sijakusikia."

Machozi yakamtoka Chiriku. "Bibi, si vitambaa vya mama. Ni mimi. Nyuma ya kabati sikukwangua. Nilipaka rangi juu ya ukungu, baba akaniuliza nikamzungusha."

Mama akasimama na cherehani yake mikononi. Baba, aliyekuwa akipiga randa uani, akaitwa. Alilivuta kabati, na wote wakaona: rangi ilikuwa imevimba malengelenge, na katikati yake weusi ulikuwa umechipuka upya. Alipogusa plasta, ikammomonyokea mkononi, imelowa.

"Huu si ukungu tu," akasema. "Kuna maji humu ndani."

Ukuta ule ulipakana na bafu. Fundi bomba alipoitwa, alikuta bomba limepasuka ndani ya ukuta na kuvuja taratibu. Kama ukungu ungekwanguliwa siku ile, unyevu ungeonekana mapema. Bomba likabadilishwa. Bibi akahamia kwenye kitanda cha Chiriku, naye Chiriku akalala sebuleni juu ya godoro. Akajifunga kitambaa puani, akakwangua ukuta mpaka mikono ikamwuma, akaosha, akasubiri. Safari hii hakupaka rangi mpaka baba alipoupapasa ukuta na kutikisa kichwa kukubali.

Kikohozi cha bibi kikapoa. Mama akarudi dirishani na cherehani yake, na macho ya bibi yakapasuliwa salama. Siku alipofunguliwa bandeji na kurudi nyumbani, kila mtu alitaka kumwonyesha kitu. Bibi akawapita wote.

"Lisogezeni kwanza lile kabati," akaamuru.

Akauchungulia ukuta, akaupitishia kiganja, kisha akamvuta mjukuu wake karibu.

"Mficha maradhi kifo humuumbua, na ukuta nao huugua," akasema. "Kazi nzuri ni ile iliyo nzuri hata pale asipochungulia mtu. Lakini sikiliza, mjukuu wangu. Ulikosa mara mbili: uliiharibu kazi, kisha ukanyamaza huku mama yako akibeba lawama yako. Ulipofungua kinywa ndipo na sisi tulipojua pa kutibu. Ukikosea tena, na utakosea, usingoje bibi akohoe."