Ngao Iliyobaki Ukutani

Tap. Kisha tap tena. Jogoo wa kwanza alikuwa hajawika, na gizani ngao ya ngozi ya nyati iligonga ukuta wa udongo kila upepo ulipopita uani. Asabi alilala macho makavu, akiisikiliza. Mumewe, aliyekuwa akiishika, alishazikwa.

Ilikuwa enzi ile misafara ya chumvi ilipovuka Mto Kwara kuingia nchi ya Wayoruba, na pamoja na chumvi ikaja dini mpya. Katika mji wa Oke-Ira, Mwalimu Bukari, mtu wa Mali aliyefika na punda na msahafu wake, alifungua chuo katika banda la pamba. Watoto waliandika juu ya mbao kwa wino wa masizi. Somo likishashikwa, ubao ulioshwa, na maji yake hayakumwagwa njiani yakakanyagwa. Yaliwekwa chunguni, mwanafunzi akanywa funda, somo limkae tumboni.

Adui walipouzingira mji, Balogun, mkuu wa vita, alituma watu wakakipora chungu kile. Mwalimu aliwakimbilia hadi langoni. "Hayo ni masomo ya watoto, jamani. Si kombe la kuwakinga askari vitani. Hayazuii chuma."

Balogun alicheka. Akawanywesha askari wake, akawaamuru waache ngao majumbani, eti mwenye kinga hajifichi nyuma ya ngozi. Wakatoka vifua wazi, mishale ikawafyeka kama nyasi. Mji uliokolewa na mvua tu: mto ulifurika, adui wakaondoka.

Na sasa Balogun alisema mwalimu aliandika laana. Kukipambazuka Bukari angekatwa kichwa mbele ya Oba, mfalme wao, na mbao zote zingechomwa.

Asabi akamwamsha bintiye. "Alaba, siku walipochukua chungu, nani aliosha ubao?"

"Mimi peke yangu, mama. Wenzangu walifungiwa ndani na wazazi wao."

Asabi akaiangua ngao ukutani, akamshika bintiye mkono, wakatoka.

Uwanja wa Oba ulikuwa umejaa. Balogun alisimama na joho jekundu lililoshonewa hirizi, na Bukari alipiga magoti, kamba mikononi.

"Ubao wa maji yale uliandikwa nini?" Oba akauliza.

"Somo la mwanafunzi, Kabiyesi."

"Mwanafunzi gani?"

Mwalimu akainamisha kichwa. "Simtaji mtoto wa mtu mbele ya upanga."

"Mmemsikia wenyewe," Balogun akasema. "Hana jibu."

Asabi akapasua katikati ya askari, mikono ya buluu hadi viwikoni, maana kazi yake ilikuwa kutia nguo rangi ya nili. Akampigia magoti Oba, si Balogun.

"Rudi kwenye mapipa yako ya rangi, mjane."

"Nitarudi. Kwanza pokea hii." Akaibwaga ngao miguuni pake. "Itazame, haina hata mkwaruzo. Uliamuru iachwe kwangu, ukampeleka mume wangu akafe. Sisi wanawake tulikuwa juu ya ukuta siku ile, Balogun. Tulikuona nyuma kabisa, juu ya farasi, na ngao yako mkononi. Kama maji yale yalikuwa kinga, ngao ulibeba ya nini?"

Mjane mmoja akacheka, kicheko kikavu, na wengine wakafuata. Ilikuwa hasira iliyokosa machozi. Balogun akaigusa hirizi shingoni.

"Yalikuwa na laana," akasema. "Ndiyo maana yalishindwa."

"Basi mwulize aliyeyaandika," Asabi akasema.

Bukari akatikisa kichwa kumzuia. Hata yeye Asabi alisita, kwani upanga ulikuwa wazi na mtoto ni huyu mmoja aliyebaki. Lakini mwalimu alikuwa tayari kufa akimficha mtoto wa Asabi. Asabi akamshika Alaba bega, akamsogeza mbele.

Wasimulizi wa Oke-Ira husema mwalimu alifunguliwa kamba mchana ule ule, banda la pamba likafurika watoto, na Balogun akatoka kwa lango la nyuma, kichwa wazi, asionekane tena. Asabi mengi ya siku ile aliyasahau. Hakuisahau hasira yake, wala jinsi Alaba alivyoinua uso kwa mfalme.

"Niliandika herufi tatu tu: alifu, bee na tee."