Barua za Okemwa na Kalamu Nyekundu

Siku ya soko mjini Migori, mwaka wa 1994, chuo kikuu kikiwa kimefungwa kwa sababu ya mgomo, Bhoke Gisiri aliingia katika duka la kutaipu lililokuwa mkabala na steji ya mabasi. Alivaa blauzi yenye mabega mapana ya sponji na sketi ya marinda. Mikononi alibeba tasnifu yake ya mwaka wa mwisho, Fasihi ya Kiingereza, kama mtu abebaye kitoto kichanga.

Nyuma ya taipureta aliketi Boaz Okemwa, tai ya kijani, shati limepigwa pasi hadi likawa mbao. Aliufungua mswada.

"Hii mistari umekata na kalamu nyekundu, nitaipu?"

"Imekatwa. Msimamizi wangu anasema nina maua mengi ya maneno."

"Mimi naona ni mizuri."

"Kwani umesomea Fasihi?"

"Nimesomea kutaipu, madam. Maneno arobaini na tano kwa dakika."

"Basi taipu yaliyobaki."

Kwa maneno hayo matamu, wakapendana.

Miezi miwili baadaye Okemwa alipata kazi katika ofisi moja Homa Bay. Bhoke akawa anamtumia sura za tasnifu kwa basi, naye akizirudisha zimetaipiwa safi, na katikati ya kurasa barua ya mapenzi. Barua zilikuwa za Kiingereza, kama inavyompasa mwanamume aliyempenda msomi. Ya kwanza ilikuwa mistari minne kuhusu mvua. Ya pili ilisema: moyo unaosubiri husikia hata nyayo ambazo bado hazijaanza safari.

Bhoke aliisoma akiwa amesimama. Akaisoma tena ameketi. Mara ya tatu aliisoma amekunja uso.

Tatizo la kumpenda mwanafunzi wa Fasihi ni kwamba barua haisomi. Anaipasua kama daktari apasuavyo maiti. Zilipofika tano, alisukuma kando bakuli la dagaa wa omena la mama yake, akazipanga mezani na kuzipigia mistari. Jioni utafiti ulikamilika. Mwandishi wa barua hizi hakuwa Okemwa. Alikuwa mwanamke. Alikuwa amesoma sana, alikuwa mpweke, na alikuwa amezama katika mapenzi. Swali lilibaki moja: ni nani?

Alhamisi akaenda kwenye kibanda cha simu cha posta.

"Halo, ofisi," ilijibu sauti ya mwanamke.

"Nataka Okemwa."

"Ameenda kula samaki. Ni Bhoke? Mimi ni Dolphine, tunakaa meza moja. Ile barua ya juzi ulipenda? Ilitumaliza lunch yote."

"Iliwamaliza? Wewe na nani?"

"Na yeye. Anaandika, anararua, anaandika, anararua. Mimi nilimpa karatasi tu, nyathina, mwanangu."

Karatasi tu. Bhoke alikata simu. Chuo kilikuwa kinafunguliwa wiki ijayo, na bila sura ya mwisho hakuna tasnifu, bila tasnifu hakuna shahada. Sura hiyo ilikuwa kwa Okemwa, na moyo wake pia. Aliamua kwenda kuvichukua vyote viwili.

Ijumaa Homa Bay upepo wa ziwani ulinuka dagaa waliokuwa wakikauka. Bhoke aliingia ofisini amevaa gauni jeusi alilonunulia matanga ya nyanya yake. Dolphine, mama mnene mwenye gauni la maua, alimnyooshea mkono. Bhoke aliushika kama anavyoshikwa mshukiwa.

"Okemwa, kaa chini."

Okemwa alikuwa tayari ameketi.

"Andika sentensi moja ya mapenzi. Kwa Kiingereza. Nikikuangalia."

"Sasa hivi?"

"Ama unangoja huyu dada akuandikie?"

"Mimi?" Dolphine alishika kifua. "Nyathina, mimi niko na bwana na watoto watano. Barua ya mwisho niliandika ni ya kuomba likizo."

Okemwa alifungua droo, akatoa bunda la karatasi zilizoandikwa kwa mkono. Zilikuwa sura za Bhoke, zile za awali.

"Ukurasa wa kumi na tisa. Soma hapo ulikata."

Bhoke alisoma. Chini ya wino mwekundu, kwa mwandiko wake mwenyewe, katika mistari aliyoikata zamani akaisahau, moyo ulikuwa ukisikia nyayo ambazo bado hazijaanza safari. Akafungua ukurasa mwingine, na mwingine. Utafiti wake haukuwa na kosa hata moja: mwanamke, msomi, mpweke, katika mapenzi.

"Umeniibia," alisema polepole.

"Ulikuwa umetupa. Niliona huruma."

"Mbona hukuandika yako?"

"Kiingereza changu ni cha kutaipu, Bhoke. Kinaingia kwa macho, kinatokea kwa vidole, kwa roho hakipiti. Niliogopa utanisahihisha."

Bhoke alitazama mkono wake mwenyewe. Kalamu nyekundu ilikuwa humo, ameitoa mkobani bila kujua.

"Basi andika kwa Kiswahili. Sitasahihisha."

Okemwa alitia karatasi kwenye taipureta. Dolphine aliacha kujifanya anatafuta faili. Mtu wa maneno arobaini na tano kwa dakika alitumia dakika kumi kuandika haya:

Ukimaliza chuo, nikija kwenu na baba na wazee wetu, mtatupikia ama mtatufukuza?

Bhoke aliichomoa karatasi. Aliisoma mara tatu, kwa mazoea. Haikuwa na ua hata moja. Akafungua kifuniko cha kalamu, na Okemwa akafumba macho.

Pembeni aliandika: Hii isikatwe.