Ukurasa wa Bwana Barakoa

Kila siku akitoka shule, Sindano alivua sare, akala kilichofunikwa mezani, kisha akaingia chumba cha mbele kumsaidia baba yake. Sindano lilikuwa jina la utani tu. Alikuwa na miaka kumi na miwili, mwembamba, na uzi aliupitisha tunduni kabla hujamaliza kupiga chafya. Baba yake alikuwa fundi wa majalada. Watu walimletea vitabu vilivyochakaa, vilivyopasuka mgongo, naye akavishona upya. Chumba kilinuka gundi ya unga, na meza ilijaa vipande vya kitambaa kigumu.

Macho ya fundi yalikuwa yameanza kumtupa mkono. Kushona alishona kwa kupapasa, lakini namba za kurasa hakuziona tena. Basi walikuwa na utaratibu wao: Sindano anahesabu, baba anashona. Sindano akisema "zimetimia", yamekwisha. Baba haulizi mara ya pili.

Siku moja akaja bibi mmoja, muuguzi mstaafu, amekumbatia foronya kama amebeba kitoto kichanga. Ndani mlikuwa na matoleo kumi na mawili ya katuni za zamani, karatasi zimeshageuka manjano. Ilikuwa hadithi ya Bwana Barakoa, iliyotolewa kwenye riwaya kongwe ikachorwa picha: mtu wa upanga na farasi, uso umefunikwa, anayetorosha wafungwa wasio na hatia, halafu mbele ya gavana anajifanya zuzu.

"Kaka yangu alinunua moja kila mwezi, mwaka mzima," muuguzi alisema. "Akanisomea, wakati huo mimi hata a sijui. Sasa ametangulia. Nishonee ziwe kitabu kimoja, fundi."

"Ondoa shaka, mama."

Alipoondoka, fundi alimgeukia binti yake. "Karatasi hizi kavu kama jani la kiangazi. Zisitoke humu ndani. Umenisikia?"

"Nimesikia, baba."

Alisikia kweli. Lakini alizisoma zote, na toleo la mwisho likamkaa kichwani. Humo, ukurasa mmoja kabla ya kumalizika, Bwana Barakoa anavua barakoa mbele ya mji mzima. Sindano akamsimulia mwenzake wa darasani, msichana waliyemwita Domo.

"Mwongo," Domo akasema. "Umeota wewe."

"Nimeona kwa macho yangu!"

"Kalete basi. Usipoleta, wewe mwongo namba moja."

Kesho yake Sindano akalificha toleo la kumi na mbili ndani ya daftari la hesabu. Wakati wa mapumziko akalifungua uwanjani. Domo akanyoosha mkono, "Lete nione vizuri," akavuta. Sindano naye akavuta. Ukurasa haukuchanika kama karatasi zinavyochanika. Ulipondeka. Ukawa chenga mikononi mwao, na upepo ukazipeperusha uwanja mzima. Sindano alikimbiza vipande huku na huko. Alipofumbua kiganja, alikuwa amepata kipande kimoja, si kikubwa kuliko ukucha.

"Mimi simo," Domo akasema, akaondoka.

Jioni fundi aliketi na uzi mkononi. "Haya, Sindano. Zimetimia?"

Angeweza kusema. Mdomo ulikuwa wake, na baba yake hakuwa mtu wa fimbo. Lakini aliona aibu.

"Zimetimia."

Fundi akaanza kushona. Kila sindano ilipotoboa karatasi, Sindano alihisi imemtoboa yeye. Siku tatu zilizofuata alizunguka na siri hiyo. Alijaribu kusema asubuhi, akashindwa. Akajaribu tena mchana, akasikia jalada limeshagandishwa, akajiambia muda umeshapita, na yaliyopita si ndwele. Wapi! Ndwele ilikuwa ndiyo kwanza inaanza.

Siku ya nne muuguzi alirudi. Hakuanzia mwanzo. Alifungua mwisho moja kwa moja, akageuza, akarudi nyuma, akageuza tena.

"Uko wapi ukurasa wa kuvua barakoa?"

"Labda haukuwepo tangu awali, mama," fundi akajibu kwa upole. "Binti yangu alihesabu. Na huyu hanidanganyi."

Muuguzi akapitisha kidole mahali ukurasa ulipopaswa kuwa.

"Nilidhani niliuona wiki iliyopita," akasema taratibu. "Nilidhani niliushika. Basi ni kweli wanayosema wanangu. Juzi nilisahau jiko linawaka. Sasa nimepoteza cha kaka yangu mwenyewe, na wala sikumbuki nilipokipoteza." Akafunika uso kwa kanga. "Kichwa changu kinaniacha, fundi."

Sindano alimwangalia bibi wa watu akilia juu ya kosa ambalo hakulifanya. Hapo hata aibu ikakosa nguvu.

"Si wewe, bibi!" Sauti ilitoka kama kelele. "Ni mimi. Niliupeleka shule, ukapondeka. Kichwa chako kizima. Nilihesabu, nikajua haupo, nikasema zimetimia."

Fundi alivua miwani, akaipangusa, akaivaa, akaivua tena. Kisha, bila kumtazama binti yake, akachukua kisu akakata uzi wote aliokuwa ameushona. Kazi ya siku tatu ikalala mezani mapande mapande.

"Hesabu," akasema. "Kwa sauti. Mwenye mali asikie."

Sindano alihesabu toleo baada ya toleo, machozi yakimchuruzika hadi kidevuni. Alipofika mahali penyewe akasema, "Haupo." Fundi akakata karatasi nyeupe ya ukubwa uleule, akaiweka pale, akaanza kushona upya.

"Bibi, naweza kuchora picha nilivyoiona," Sindano akasema.

"Usichore." Muuguzi alijipangusa macho. "Pabaki peupe. Nisijidanganye kwamba ninao." Akamgeukia Sindano. "Mjukuu wangu, Bwana Barakoa alijificha ili wengine waokoke. Wewe umejificha ili uokoke wewe, mimi nikazama. Nimeona wagonjwa wengi maishani. Kidonda kilichofichwa ndicho kinachokata mguu."

Kitabu kilipokauka siku ya pili, akaja kukichukua, akashukuru, akaenda zake polepole.

Sindano alibaki mlangoni. "Baba, nisamehe."

"Nimekusamehe. Kuharibu karatasi ni bahati mbaya, hata mimi nimeharibu nyingi. Ila ulipokosa ungeniambia palepale. Ningemwambia mama wa watu, angelia siku moja kwa kilichopotea. Ulivyonyamaza, ukamfanya ailie akili yake mwenyewe. Mwanangu, ukificha kosa, kuna mtu mwingine atalibeba. Siku zote yupo."

"Na utaniamini tena nikihesabu?"

Fundi alipapasa meza mpaka akaupata mkono wa binti yake, akaushika.

"Sijui," akasema. "Ningekudanganya nikisema najua."