Bonyeza Tano

Kila Jumamosi saa nne asubuhi, daktari wa saratani alinipigia simu ya video. Mjukuu wangu, tuliyemwita Chiriku kwa jinsi asivyofunga mdomo, ndiye aliyenishikia simu. Mtandao ulishika mahali pamoja tu nyumba nzima: dirisha la sebuleni, hatua mbili kutoka kwenye cherehani ya mkwe wangu, baba yake Chiriku, wateja wake wamejaa kwenye benchi.

"Bibi, jeraha la titi linaendeleaje?" daktari aliuliza, sauti juu.

Mkwe wangu akainamia kitambaa. Mambo ya titi mbele ya mkwe! Ningeuficha wapi uso wangu?

"Sijambo, daktari. Nashukuru."

Kumbe jeraha lilikuwa linatoa usaha wiki nzima, na alfajiri nilitetemeka kwa homa. Chiriku alijua, maana ndiye aliyenifulia. Nilimwapisha asimwambie hata mama yake.

Kila baada ya simu, ujumbe uliingia: Umeridhika na huduma? Bonyeza moja mpaka tano.

"Tano, Bibi?"

"Tano. Tusimvunje moyo daktari wa watu."

Jumamosi moja daktari akasema kwa furaha, "Bibi, wewe ni mgonjwa wetu aliyeridhika kuliko wote, kila wiki hujambo. Sasa tutakupigia kila baada ya miezi miwili."

Miezi miwili! Nilihisi mlango umefungwa, na aliyeufunga ni mimi. Nikatabasamu tu. "Ahsante, daktari."

Ujumbe ukaingia. Chiriku akabonyeza haraka.

"Umebonyeza ngapi?"

"Moja."

"Wewe mtoto! Unataka kuniaibisha?"

"Aibu haiui, Bibi. Usaha je?"

Sijamaliza kufoka, simu ikaita tena. Alikuwa muuguzi anayefuatilia majibu hayo.

"Shikamoo," Chiriku akasema. "Bibi si mzima. Anadanganya kwa sababu baba yupo hapa na wateja."

Mkwe wangu akasimamisha cherehani. "Jamani, tokeni. Na mimi natoka. Mama, utuwie radhi, hatukufikiri."

Wakatoka wote, mmoja amevaa shati lenye mkono mmoja. Ndipo nikasema yote. Muuguzi hakungoja. "Njoo sasa hivi, Bibi. Homa kwa mgonjwa wa saratani si ya kulalia."

Nililazwa siku nne. Jeraha likasafishwa, homa ikashuka. Chiriku alikuja kuniona na binti yangu, akasimama mbali na kitanda.

"Nimemvunjia Bibi heshima?" akamuuliza yule muuguzi wa simu, aliyekuja kunifunga jeraha.

"Hapana, mwanangu. Umemsemea alipokwama. Ila siku nyingine usingoje hivyo. Mwambie mtu mzima siku hiyohiyo."

Kisha akanigeukia, bendeji mkononi. "Na wewe, Bibi, daktari wa kwenye simu hagusi wala hanusi. Anatibu anachoambiwa. Ukimpa uongo, atautibu uongo, ugonjwa ubaki palepale."